Mama-mukwe mu Mutihani ya Ndege

Ba motard bote ba hii parking, nyinyi ba kubeba batu na pikipiki, muzime moto zenu kidogo, mukuye huku chini ya hii turubai ya bâche. Hii mvua hapana isha sasa. Naijua, ni ile mvua ya Butembo yenye inakuyaka na godoro yake. Weye wa kofia nyekundu, acha kuangalia simu, hakuna mutu atakuita na hii matope. Musogee, niwaelezee vile miye, mutu nilitoka ku masomo mwaka ya tatu ya primaire juu mwalimu alihamaka na miye sikumufuata, nilifundishaka mama mumoja kurusha ndege. Na hapana ndege ya karatasi. Ndege yenye inakunywaka essence kama moto zenu, yenye ilitupitisha juu ya Beni na kuturudisha hapa na meno yetu yote.

Naona weye unacheka. Cheka tu. Utaacha wenyewe.

Niko na rafiki yangu mumoja, alikuwaka pilote. Batu banamuita Commandant. Zamani alikuwa anapelekaka ndege ya mizigo kule Manguredjipa na mu pori zingine, mu piste fupi sana, zile njia ya ndege kukimbilia, anasema kuko zingine ukikohoa mara mbili umeshaimaliza. Kisha compagnie ikafa. Commandant akakaa miaka saba bila kupanda ata ngazi. Mama-mukwe wake, mukubwa wa mabati na misumari mu Butembo, akamupatia kazi ku dépôt, na vile njo Commandant alikuwa mutu wa kupimia batu misumari. Kilo moja, kilo mbili. Ndege ikipita juu, anaacha mizani, anatoka inje, anaiangalia paka inapotea mu mawingu, na munuzi amebakia ndani na kifuko yake wazi kama mutu anangoya komunyo. Miye niliona ile na macho yangu. Ni huruma kuliko motard mwenye bameiba moto yake.

Ule mama, hapana mucheze naye. Akienda Dubai, bachuuzi ba kule banafunga vifungo ya shati. Akikohoa asubui ku dépôt, bei ya bati inashuka mu Beni mbele kikohozi ifike.

Sasa, nyinyi munajua bafamille zetu. Siku hizi kuko zingine zenye mukwe na mama-mukwe banapigaka photo bamekumbatana kama timu yenye imefunga goli. Ile famille hapana. Ile ni ya zamani kabisa. Mukwe hasemi na mama-mukwe uso kwa uso, haikale karibu naye, hamuguse. Nyumba ikianza kuungua na mama iko ndani, mukwe anatafuta mutu wa katikati, anamuambia, na ule mutu anaenda kumuambia mama, na nyumba ingoye.

Ule mutu wa katikati ni miye. Ni miye nilisemaka siku ya mahari yake, nikabishana na ba mujomba siku mbili bila kukaa chini, na toka ile siku kinywa yangu ikapata kazi yenye haina congé ata siku moja. Ku dépôt, Commandant iko huku kwa misumari, mama iko kule kwa mabati, metre ine katikati yabo. Banapiga simu, miye natoka rond-point na moto, nafika, nazima. Commandant ananiambia nimuambie mama misumari ya inchi tatu imeisha. Nageuka, namuambia mama, mwenye ameshasikia toka mbele miye nizaliwe, kama misumari ya inchi tatu imeisha. Mama ananijibu nimuambie afungue kartoni ingine. Nageuka tena. Kichwa yangu ilikuwa inazunguka kama feni.

Na ni ule mama njo alileta ndege. Alienda safari ya mabati akarudi na ndege. Anasema aliikuta inauzwa peke yake mu uwanja na akaihurumia. Ilifika mu kontena, vipande vipande chini ya mabati, ikapita mupaka ya Kasindi, na bafundi ba Butembo bakaiunganisha vile banaunganishaka moto za Kichina. Ilibakia boulon tatu za kukazia. Bafundi bakasema hiyo hapana shida, ku fabrika banaongezaka zingine za zawadi. Ndege ya viti ine, mbili mbele, mbili nyuma. Ndogo sana. Ukipanda na ndevu, lazima upunguze essence.

Bacommerçants batano, bachuuzi bakubwa, na mama ndani, bakafanya club ya kujifunza kurusha ndege. Ni juu ya ubaya ya barabara ya Beni. Munaijua, sina haja ya kuielezea.

Mais ndege si moto. Kwa moto, mutu anafundisha ndugu yake siku ya yenga kisha misa, ule ndugu anaanguka mara mbili mu mutaro, na siku ya kwanza asubui ameshabeba ba mama babili na gunia ya makala. Kwa ndege, ule mwenye atafundisha, yeye mwenyewe banamupitisha kwanza mutihani ya kufundisha. Kujua kurusha haitoshe. Banataka kuona kama anaweza kukaa pembeni ya mujinga, amuachie mujinga ashike ndege, mais hapana kumuachia sana. Serikali inatuma inspecteur anakuya kupima ile.

Donc ilikuwa hivi. Commandant akipita, ni yeye moniteur, mwalimu wa club, anarudi hewani. Akianguka mutihani, bale batano balikuwa bameshasemezana na moniteur mumoja wa Kampala, na Commandant anarudi kwa mizani paka kufa. Bibi yake, binti ya ule mama, alinikamata shati ile asubui. Akaniambia kama bwana yake anarudi kwa misumari, yeye atakuya kupima wenyewe, na kichwa yangu njo itakuwa jiwe ya mizani.

Inspecteur alitoka Kinshasa. Muzee mufupi na kravati murefu, akitembea, kravati inafika ya kwanza. Alizunguka ndege yetu mara kumi na moja. Akapiga bawa na kidole kama mutu anachagua nanasi. Akauliza juu ya boulon tatu. Bafundi bakamujibu na heshima. Akazunguka mara ya kumi na mbili, akatafuta kasoro, akakosa, akakasirika kidogo juu alikosa.

Mutihani ilianza na ubao. Tuliazima ubao ku masomo ya paroisse, na bado ilikuwa na dictée ya batoto. Hakuna mutu alisubutu kuifuta, juu ni masœur, bale masista, banaiandikaka, donc Commandant akachora bawa ya ndege katikati ya dictée. Inspecteur akakaa ku kiti ya plastiki, mikono ku magoti, akauliza: kule juu, ndege inakanyaga nini?

Commandant akamuelezea upepo. Muzee akasema hapana elewa. Commandant akaeleza tena, akapanua mukono kama mutu ametoa mukono ku dirisha ya camion. Muzee, hapana elewa. Akauliza kama moteur ikizima kule juu, abiria banaweza kushuka kusukuma. Akauliza kama ku mawingu kuko fasi ya kuegesha.

Miye nilikuwa ku dirisha na nikashikwa na hasira ya kweli. Kwamba serikali inatoa mutu Kinshasa, inamulipia safari, na hajui kitu. Nikaingiza kichwa, nikamuelezea miye mwenyewe: papa, ni kama vile unatelemuka mulima na moto imezima, koti yako wazi, upepo inaingia ndani, koti inataka kukuinua ku kiti. Sasa bawa njo koti. Moteur ikizima, ndege inatelemuka na koti yake, pole pole, hakuna kusukuma. Muzee akaniangalia wakati murefu, kisha akaandika kitu. Commandant akanifukuza na macho.

Baadaye njo nilijua. Inspecteur anajifanyaka mujinga. Ile njo mutihani yenyewe, banaangalia kama mwalimu atachoka na mujinga. Commandant hakuchoka. Alieleza mara saba na sauti ileile ya misumari. Miye nilianguka mutihani palepale ku dirisha.

Basi, mutihani ya ubao, Commandant akapita. Ikabakia hewa.

Inspecteur akasema kwa hewa hatajifanya tena mujinga, amechoka, sasa anataka mujinga wa kweli. Mutu wa club mwenye hajagusa ndege siku ata moja. Yeye mwenyewe atakaa kiti ya nyuma na karatasi yake, aangalie vile Commandant anamufundisha. Na bafanye mbio, juu saa tisa anapanda ndege yake ya kurudi, na Butembo atarudi tu siku Kinshasa batakumbuka kama iko.

Bamemba batano. Wa kwanza akakumbuka kilio ya ndugu yake ku Mbau, na ule marehemu nilimubeba miye mwenyewe kesho yake na hii moto, muzima, anabishana bei. Wa pili, jino. Wa tatu, bibi yake alificha viatu yote ya nyumba, na yake ndani. Wa ine alikuwa palepale ku kiwanja, mais ndani ya pipa.

Wa tano ni mama.

Akatelemuka ku gari yake, suruali chini ya kikwembe ya kujifunga, miwani nyeusi, rozari mu shingo. Kila mutu alijua mukwe njo atakaa pembeni yake, bega kwa bega, mu kiti zenye mapaja inagusana. Bakamuzunguka kumuomba arudi nyumbani. Mama akasema:

"Hii ndege niliinunua miye. Nitaikalia miye."

Commandant akageuka rangi ya bunga ya mihogo. Akanivuta nyuma ya fûts, yale mapipa ya essence, akaniambia afadhali misumari. Miaka kumi na moja ameoa na hajamupatia ule mama ata bonjour bila kupitisha kwangu, na leo anatakiwa kumuamuru geuka, vuta, sukuma, kama mutu anafundisha punda. Ni kama kuvua suruali mu misa, katikati ya mahubiri. Nikamuambia bibi yake anataka kichwa yangu kwa mizani.

Ile shida ilikatwa na mujomba, ndugu mudogo wa mama, muzee mwenye analindaka desturi ya ile famille kuliko vile polisi analindaka banque. Alifikiri, akaenda kutoa kikwembe mu gari ya mama, ile ya maua makubwa ya manjano, akaitundika na ba épingle, zile pini, katikati ya viti mbili ya mbele, toka plafond paka chini. Huku mukwe, kule mama. Kisha akanionyesha kidole. Miye kiti ya nyuma, pembeni ya inspecteur, kazi yangu ileile: kubeba maneno.

Tukafikiri inspecteur atakataa. Aliangalia kikwembe. Alitafuta mu karatasi yake fasi ya kuandika kikwembe, akakosa, akaiacha. Kisha akatuambia, nusu Lingala nusu Kiswahili ya kutafuta na tochi:

"Nayoki, nimesikia. Bokilo ni bokilo, mukwe ni mukwe, ata kwetu. Mais hii karatasi inasema moniteur anasema na mwanafunzi. Haisemi anatuma mutu. Nikishuka bila kusikia kinywa yake mwenyewe inamufundisha huyu mama, ata neno moja, sitasinye, sitaweka sahihi."

Commandant akaitika na kichwa. Mama akajifanya hajasikia. Tukapanda. Miye nilivaa casque yangu ya moto, ile kofia ngumu, na nikaifunga, juu mutu hajui.

Shida ya kwanza tulikutana nayo bado chini. Munisikilize vizuri: mu ndege ya kufundishia, mwanafunzi anakaa kushoto, na zile masaa zote za ndege, zile za sindano, iko mbele ya mwanafunzi. Commandant upande wake alikuwa anaona maua ya manjano. Donc hapana kinywa tu, nilikuwa na macho pia. Commandant ananiambia nimuulize mama sindano ya mbio iko wapi. Namuuliza mama. Mama ananiambia nimuambie iko kwa makumi ine. Namuambia makumi ine. Na ile wakati imeshafika sitini. Ni kama kununua ngombe kwa barua.

Alisema nimuambie mama asukume manete, ile ya kuongezea moteur nguvu, pole pole. Nikamuambia. Akasema nimuambie mama, tukifika nusu ya piste, avute manche kwake, ile mukono ya kuongozea, kama mutu anavuta kiti ya padri. Nikamuambia, mais niliongeza juu ya padri gani, juu mama ni mutu wa paroisse ingine, na paka namaliza kueleza, piste ilikuwa imeisha. Tulikuwa tunakimbia mu majani. Ngombe moja ilimuangalia mama ndani ya macho. Mama akavuta. Ndege ikatoka chini, na mukia ya ile ngombe, naapa, ilipitia ku dirisha yangu.

Hewani mama alikuwa muzuri. Nasema kweli. Alishika manche vile anashikaka bei, bila kuachia ata kidogo. Njia yangu ya kila siku, ile inakulaka nusu siku na mugongo muzima, tuliimaliza mbele nimalize Salamu Maria tano, na nilikuwa nazisema mbio. Nikaona Beni chini yote, mapaa yake, na mama akaanza kuniambia nimuambie mukwe gani ni bati yake na gani ni ya bashindani bake, juu yake haishike kutu. Nikamuambia. Commandant akajibu nimuambie mama ni kweli, zinangaa. Inspecteur akaandika. Nikachungulia: mu ile fasi ya "kusema na mwanafunzi" hakukuwa kitu. Alikuwa anachora kuku.

Kisha akagonga Commandant ku bega, akamuambia afanye ile ya kupokezana ndege.

Ile niwaelezee. Mu ndege kuko maneno ya lazima. Mwalimu akitaka kushika, anasema: ni miye nashika. Mwanafunzi anajibu: ni weye unashika, na anaachilia. Ni juu hapana babili bashike pamoja, ao kila mumoja afikiri mwenzake njo anashika. Ni kitu ya sekunde mbili.

Commandant akaniambia: muambie mama ni miye nashika. Nikageuka: mama, anasema ni yeye anashika. Mama, na heshima yote, akaachilia manche palepale, akaweka mikono ku rozari, akaniambia nimuambie ni yeye anashika. Na ule mukwe, na heshima yote pia, hakuweza kushika mbele jibu ya mama imufikie. Na jibu ilikuwa kwangu. Na miye nilikuwa nameza mate.

Niliangalia manche ya kushoto. Hakuna mukono. Nikachungulia pembeni ya kikwembe, manche ya kuume. Hakuna mukono. Tulikuwa batu bane juu ya Beni na ndege ilikuwa ya Mungu peke yake. Inspecteur akaacha kuchora kuku. Na kitu ya haya ni kwamba ndege ilikuwa inaenda vizuri kuliko vile ilikuwa inaenda na batu. Ikanyooka, ikatulia, ata sauti ikapungua, kama nyumba yenye bageni bametoka. Ningenyamaza siku ile, labda ingetupeleka wenyewe Kisangani.

Nikasema, na Commandant akashika. Inspecteur akapanguza paji na kravati, akasema turudi Butembo, mama atashika tena, Commandant amufundishe kutua. Akageuza karatasi, akanionyesha na bic yake ya kuandikia ile fasi yenye bado haina kitu. Hakuwa na haja ya kunielezea. Kisha ya kutua, mutihani imeisha.

Sasa hapa njo aibu yangu inaanza. Nilikuwa nimekula obundu, ule ugali ya mihogo, na maharagi asubui, sahani ya batu babili, juu nilijisemea kama nitakufa, nisikufe na njaa. Na kurudi, pale milima inaanza, upepo ikatukamata. Inatuinua, inatuachilia. Maharagi ikauliza kama tumefika. Nikaiambia bado. Ikauliza tena. Mara ya tatu haikuuliza. Nikatoa casque mbio mbio, nikaigeuza, nikaingiza uso ndani yote, na nikabakia mule.

Nilikuwa nasikia tu. Nikasikia moteur inapungua. Nikasikia Commandant anasema nimuambie mama asukume moteur kidogo, tuko chini sana. Nikataka kusema. Kinywa yangu ilikuwa na kazi ingine. Akasema tena: muambie mama. Nikainua mukono kuonyesha nitapatikana karibuni.

Nikatoa jicho moja mu casque. Mbele yetu ile miti ya ekaliptus ya mwisho wa piste, munaijua, mirefu kama mapadri ba zamani, na tulikuwa tunaikuyia kwa kifua. Niliona ndege ya manyoya mu tawi anakalia mayai, na ananiangalia na hasira, mutu amejenga nyumba kwa taabu.

"Muambie mama aachilie, ni miye nashika," Commandant akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka.

Na mama alikuwa anasikia. Kikwembe tu katikati yabo, kitambaa ya kufunga kichwa. Mais ule ni mutu wa heshima. Neno yenye haijatumwa kwake si yake. Alishika manche na mikono mbili, uso mbele, anangoya mutu wa katikati, na mutu wa katikati alikuwa mu casque.

Inspecteur pembeni yangu alifunga macho, mais bic alikuwa ameishika tayari ku karatasi.

Nikasikia épingle zinapasuka, tac, tac, tac, na kikwembe ikaniangukia ku kichwa na maua yake yote. Na nikasikia sauti yenye sijasikiaka siku ata moja ku dépôt, sauti ya mutu wa Manguredjipa na piste fupi:

"Mama, achilia! Ni miye nashika!"

"Ni weye unashika," mama akajibu, mbio sana, kama mutu alikuwa na jibu mu mufuko.

Moteur ikalia. Matumbo yetu ikabakia chini, sisi tukapanda. Kitu ikakwaruza chini ya miguu yetu, shrrrr, matawi, na kisha hakuna kitu, hewa tu. Commandant akazunguka kilima mara moja, akarudi, akatuweka chini ku piste polepole sana, kama mutu anaweka yai mu kifuko ya mukubwa. Mu matairi tulitoa majani ya ekaliptus yenye ingeponesha kikohozi ya Butembo nzima.

Moteur ikazima. Miye nilikuwa na casque ku magoti na nilikuwa naangalia inje sana.

Inspecteur akaandika neno moja mu ile fasi, juu ya kuku. Akasinya. Akashuka, akamupatia Commandant karatasi na mukono.

"Nimekusikia," akamuambia. "Unafundisha toka leo."

Sasa mutu mwingine angecheza pale. Miaka saba ya misumari imeisha. Bibi yake alishafika mbio, anacheka na analia pamoja, anataka kumurukia. Commandant alishika ile karatasi na hakuiangalia. Alikuwa anaangalia mugongo ya mama, mwenye alikuwa ameshuka upande wake na anakunja kikwembe yake pole pole, kona kwa kona.

Juu bote tulisikia. Mujomba alisikia toka chini, anasema ata ngombe zilisikia. Akakuya mbele, akatoa kofia, akasema ni kweli mutihani imepita na tunashukuru Mungu, mais kuko na mutihani ingine. Mu ile famille, mukwe mwenye amepandishia mama-mukwe sauti anatoa mbuzi moja ya kusafisha ile sauti. Na kama mama anaikataa ile mbuzi, basi mukwe hatakanyaga tena mu kiwanja ya mama, ni kusema mu dépôt, ni kusema mu club, ni kusema mu ndege. Karatasi ya Kinshasa haina nguvu pale. Akamuuliza dada yake kama anaitika mbuzi.

Tukangoya. Inspecteur pia alingoya, na saa tisa ilikuwa inakaribia. Ule wa ine akatoa kichwa mu pipa.

Mama akamaliza kukunja. Akatoa miwani nyeusi. Miye nikasogea mbele, nikapanguza kinywa, juu nilijua atanituma. Hakuniangalia. Alipita mbele yangu kama anapita mbele ya poteau, nguzo tu, akaenda paka kwa mukwe wake, karibu, akamuangalia mu macho mara ya kwanza mu miaka kumi na moja, akamuambia:

"Mukwe, mbuzi ni mbili. Moja ni ya kunipigia kelele. Ya pili ni ya kungoya paka tufike ku miti njo unipigie."